Chumvi Tatu Nilizompelekea Mabula

Wapo watu wanaosafiri kwa kutaka kuiona nchi. Mimi nilisafiri kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya chumvi. Nyinyi wa Mhunze mnanijua, na tangu siku ile niliposhuka kwenye lori na kichwa changu cha ajabu mmekuwa mkiniuliza, nami nawajibu nusunusu kwa sababu gulio lina kelele. Basi kaeni niwape habari yote, tangu kuondoka mpaka kurudi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla, kiangazi, pamba imekwisha kuvunwa na malori yanapita kutwa. Siku ya gulio nilikuwa nimetandika magunia yangu mahali pangu pa kila siku, na chumvi zangu tatu ziko mbele yangu. Ya kwanza ya pwani, ya mawe mawe, ukiitafuna inalia; ubaya wake ni kwamba masika inalowa mpaka gunia linadondosha maji. Ya pili ya Uvinza, laini na nyeupe, huchemshwa kutoka kwenye maji ya chemchemi za huko Kigoma, nayo ndiyo kali kuliko zote. Ya tatu ya Nyaraja, ile ya kijivu ambayo babu zetu waliifuata kwa miguu mpaka ziwa la chumvi, na kijana asiyefika huko hakuhesabiwa mwanamume. Hii ina uchungu kidogo wa magadi. Maharage magumu yakiiona yanalainika, na ng'ombe wakimwona aliyeibeba wanavunja zizi.

Mara akaja Luhende, kijana wa jirani yangu, amerudi kutoka migodi ya Geita na baiskeli mpya inayong'aa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Loo, umerudi na farasi wa chuma! Na Mabula wangu umemwachaje?"

Akaanza kuchezea kengele ya baiskeli. "Nimemwacha amelala, shangazi. Anaanguka."

Mabula ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye niliyemlea. Katika ukoo wetu shangazi ndiye anayemwonjesha mtoto chumvi ya kwanza, siku anapoanza kula ugali, na ulimi wa Mabula niliugusa kwa kidole changu hiki hapa. Kwa hiyo Luhende aliposema "anaanguka", kibaba kikanidondoka. Akanieleza kwamba Mabula akiwa kazini shimoni misuli ya miguu inamkaza kama kamba, tumbo linamkunja, analia kama mtoto. Akipumzika anapata nafuu, akirudi anaanguka tena. "Na shimo lina ngazi ndefu, shangazi. Akishikwa akiwa juu ya ngazi, basi tena."

"Anakula nini huko?"

"Mkewe anampikia. Mke wake ni Mzinza, wanatumia chumvi ya majani. Wanachoma matete ya ziwani, wanachuja majivu."

Majivu! Nilisimama wima. Mtoto niliyemwonjesha chumvi ya Uvinza analishwa majivu, halafu mnaniuliza kwa nini anaanguka? Palepale nikafunga biashara. Nikachota vifurushi vitatu, kila chumvi na kitambaa chake, nikasema nakwenda Geita nikaonje mboga ya mwanamke huyo kwa ulimi wangu, kisha nimfundishe chumvi ni kitu gani. Muuza vyungu wa pembeni yangu gulioni akacheka mpaka akashika mbavu. "Milembe, unakwenda kumponya mtu au kumkausha kama samaki?" Nikamwambia atanitambua nikirudi.

Asubuhi yake nilipanda juu ya marobota ya pamba mpaka Shinyanga. Nilikuwa na wasiwasi wa Mabula moyoni, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Upepo unapiga, nchi yote ya Kishapu imetandazwa chini, ng'ombe wanaonekana wadogo kama kunde! Mjini nilikuwa na nafasi kabla ya basi la Kahama kuondoka, nikaenda stesheni. Garimoshi lilikuwa limetoka Tabora, na wapagazi wanashusha magunia. Nikaona alama ninayoijua. Ilikuwa chumvi ya Uvinza! Miaka yote naiuza, sijawahi kuiona ikishuka garini. Nikamwendea mpagazi mmoja, mikono yake imepasuka pasuka kwa kubeba magunia hayo.

"Baba, inachoma?"

"Inachoma, mayu, mama yangu, lakini nikipata muhogo wa kuchoma sihitaji kuomba chumvi kwa mtu. Nalamba vidole tu." Tukacheka wote wawili, nikapanda basi.

Kahama tulifika jua linapunguza ukali, nikapokelewa na Mzee Ndalahwa na mkewe Mama Shija, rafiki za marehemu mume wangu. Mzee nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba kama mihogo ya shamba jipya. Chakula kikaja, na kwangu kikaja na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga vizuri sana. Sahani ya mzee ilikuwa yake peke yake. Mama Shija alipotoka kwenda kisimani, mzee akaniinamia.

"Milembe, nasikia umebeba chumvi."

"Nimebeba tatu."

"Mwanamke huyu ananilisha chapwa tangu nilipotoka hospitali. Nipe niikumbuke tu."

Mimi na chumvi zangu tena! Mtu akizisifu nampa hata kitambaa. Nikamwekea punje za kila aina kiganjani, naye akalamba moja moja, macho amefumba. "Hii ya pwani inachelewa kufika. Hii ya Uvinza inafika kabla ya kulambwa. Na hii... aah, hii ya Nyaraja ni ya baba yangu." Kumbe Mama Shija amesahau kata yake, amerudi, amesimama mlangoni.

"Baba Shija! Umelamba?"

"Sijalamba."

"Na huo weupe kwenye masharubu ni nini, mvi mpya?"

Nilitaka kucheka lakini mama yule alikuwa karibu kulia. Akainama, akaubonyeza mguu wa mumewe kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole shimo likabaki, kama umebonyeza ugali. "Tazama, mayu. Daktari alisema moyo wake umechoka, mwili unaishika chumvi na chumvi inayashika maji. Akiacha, miguu inapungua na usiku anapumua vizuri. Akilamba, ndiyo haya. Chumvi yako ni nzuri, lakini si kwake." Nikaomba radhi kwa moyo wote. Ila nilipolala nilijiambia kwamba huyo ni mzee, tena mgonjwa wa moyo. Mabula wangu ni kijana, na shida yake ni majivu ya Mzinza.

Kutoka Kahama kwenda Ushirombo barabara iliingia porini, msitu wa miombo usio na mwisho, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Katikati ya pori kulikuwa na kizuizi cha mbung'o. Basi linasimamishwa, na watu wa serikali wanalizunguka na vyandarua vidogo vya mpini, wanakamata mbung'o mmoja mmoja aliyeganda kwenye bati ili asiingie kwenye nchi ya ng'ombe. Wallahi sijaona kazi kama ile, mtu mzima na ndevu zake anawinda nzi, tena kwa makini! Mmoja wao akagusa vifurushi vyangu na fimbo ya chandarua.

"Mama, humu mna nini?"

"Chumvi. Nzi hakai humo."

"Tatu za nini, una harusi?"

Nikamweleza safari yangu, kwa kuwa mimi siwezi kunyamaza. Akasikiliza, halafu akanigeuzia mgongo na kunionyesha shati lake la kaki. Mgongoni kulikuwa na michirizi myeupe, imekauka kama ramani.

"Unaona? Mimi kutwa niko juani. Jasho likikauka linaacha hii. Gusa uonje kama hunisadiki."

Sikuonja jasho la mwanamume nisiyemjua, nina heshima zangu. Lakini niligusa kwa ncha ya kidole na ilikuwa chumvi kweli, punje punje. Loo! Kumbe chumvi inatoka mwilini kila siku na haionekani, nami nimeiuza miaka yote kama inaingia tu! Habari hiyo ilinisisimua nikawa naisema kwa kila abiria mpaka tukafika Ushirombo, na mama mmoja wa Kisumbwa akajifanya amelala.

Katoro nilishuka mchana. Siku zile ilikuwa ni maduka machache, malori ya kuelekea Geita, na wachimbaji wa kila kabila wananunua sukari na tumbaku. Nikapata mtu wa kuniongoza mpaka kambi ya mgodi mdogo aliko Mabula. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa na maneno matamu ya kuanzia na makali ya kumalizia.

Kambini nilielekezwa nyumba ya nyasi ya mwisho. Msichana mrefu akatoka, akaniona, akapiga magoti kabla sijajitambulisha.

"Shikamoo shangazi. Mabula ana pua yako."

Huyo ndiye Veronika. Maneno yangu matamu yakaniponyoka, nikabaki na yale makali. Nikaitikia "marahaba", nikaingia moja kwa moja uani kutafuta ushahidi. Na ushahidi ulikuwepo. Chungu kilichotobolewa matundu chini kimewekwa juu ya mafiga, kimejaa majivu ya matete, na maji ya rangi ya chai yanadondoka polepole kwenye chungu kingine. Yale maji ndiyo yanayochemshwa mpaka yakauke, ikabaki chumvi. Nikaichukua kidogo, nikaonja. Ilikuwa na uchungu, na ukali wake unakwaruza ulimi pembeni. Nikasema moyoni, nimempata.

Jikoni palikuwa na sufuria mbili. Nikafunua kubwa bila kuomba ruhusa, samaki wa ziwani na nyanya chungu. Nikachovya kidole.

Mama wee! Sijui niseme nini. Ule uchungu ulikuwa umekutana na uchungu wa nyanya chungu vikapatana, samaki amekuwa mtamu mpaka mfupa. Nikachovya tena, nikijifanya sina hakika. Nikachovya mara ya tatu, Veronika akanipa kijiko. Basi nikaona aibu, na kwa aibu nikafunua sufuria ndogo.

Ile ndogo ilikuwa chapwa. Samaki yuleyule, maji matupu, hakuna hata punje.

"Na hii ya nani?"

"Ya mume wangu."

Hapo nililipuka. "Alaa! Wewe unakula chumvi na mumeo unamnyima? Unajua mtu anatoka jasho? Umewahi kuona shati lake?"

Veronika akaanza kulia palepale. Akaingia ndani akaleta shati la kazi la Mabula na kulitandika magotini pangu. Mgongo wote ulikuwa mweupe kuliko wa yule bwana wa mbung'o. "Nalifua kila siku, shangazi, na kila siku linarudi hivi. Mimi nimnyime? Amenikataza mwenyewe. Tangu mvua za kwanza hajaonja chumvi. Nikimtilia kwa siri anatema, hazungumzi nami mpaka kesho yake. Ningekuwa na mtu wa kumtuma kwenu ningekuwa nimekuita zamani."

Nikaingia chumbani. Mabula alikuwa amelala kitandani, mashavu yameingia ndani. Aliponiona akatabasamu, akataka kuamka kuniamkia, mguu ukamkaza, akaukamata kwa mikono miwili huku anauma meno. Niliushika ule mguu, ulikuwa mgumu kama mti. Ulipolegea nikamuuliza kwa sauti ndogo, na mnajua mimi sauti ndogo sinayo.

Akanionyesha hirizi mkononi, juu ya kiwiko. Mganga mmoja mpita njia alimfanyia dawa ya dhahabu, na dawa ina mwiko: asionje chumvi mpaka siku atakayoiona dhahabu kwenye mwamba kwa macho yake. Akionja, dhahabu inakimbilia kwa mwingine.

"Mwanangu, chumvi na dhahabu vimegombana lini?"

"Boma la baba ni tupu, shangazi. Ng'ombe wote waliisha. Nataka nirudi Mhunze nikiswaga ng'ombe, watu waseme mtoto wa marehemu amerudi. Nimebakiza kidogo tu. Juzi tumeona mwamba mweupe, na mwamba mweupe ndio mama wa dhahabu. Kesho narudi shimoni."

Alasiri akaja Bwana Hamisi, dresa wa zahanati ya jirani, mtu wa Tabora mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na kikombe cha maji yenye chumvi na sukari. "Mama, huyu hana ugonjwa mwingine," akaniambia. "Shimoni ni joto, jasho linatoka ndoo nzima na chumvi inatoka nalo. Anakunywa maji, hairudishi chumvi, misuli inakaza. Dawa yake ni hii, na iko katika kila jiko la nchi hii. Lakini tazama." Akamwelekezea kikombe. Mabula akafunga mdomo, akageukia ukutani.

"Akishikwa akiwa kwenye ngazi?" nikauliza.

Bwana Hamisi akavua miwani akaifuta.

Nilijaribu yote jioni ile. Nikafungua vifurushi vyangu mbele yake, nikavisifu kama niko gulioni. Nikamwambia ya Nyaraja ndiyo iliyowafanya babu zake wanaume. Nikambembeleza, nikamtukana, nikamkumbusha kidole changu kilichougusa ulimi wake. Akanisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Ndiyo shangazi," na hakuonja. Mtoto yule ni mkaidi. Amenirithi mimi, nitamlaumu nani?

Alfajiri kengele ya mgodi ililia. Nikatoka uani, nikamwona Mabula amekwisha vaa lile shati, anajifunga mkanda, anachechemea. Veronika amesimama na kibuyu cha maji. Nilijua maneno yamekwisha. Nikakaa chini katikati ya ua, miguu nimeinyoosha, nikavua kilemba changu.

"Veronika, lete wembe na maji."

"Wembe wa nini, shangazi?"

"Ninyoe."

Akaniangalia kama nimerukwa na akili, lakini mkwe hamkatalii shangazi. Akaleta. Wembe wa kwanza ukapita, nywele zikaanguka mapajani pangu, mvi na nyeusi. Mabula akaacha mkanda wake. "Shangazi, unafanya nini?" Nikainamisha kichwa wembe upite. Nusu ya kichwa ilipokuwa wazi, wanawake wa kambi wakaanza kusogea mmoja mmoja, kwa sababu mama mtu mzima akinyolewa uani asubuhi, lipo jambo.

"Pole, mama. Umefiwa na nani?" mmoja akauliza.

"Na mtoto wa kaka yangu. Anaitwa Mabula."

"Mabula? Si huyo hapo amesimama?"

"Hamumwoni vizuri. Katika ukoo wetu nyumba haipiki chapwa ovyo. Nyumba ikipika chapwa kuna matanga, tunakula hivyo mpaka marehemu atakapoagwa, kisha wenye msiba wananyoa. Humu wamepika chapwa tangu mvua za kwanza. Mimi nimechelewa tu kupata habari."

Nikafungua kinywa nikalia. Mwanzoni ilikuwa kwa makusudi, siwafichi. Lakini niliposema "Mabula wangu" nikaiona ile ngazi, nikamwona anaanguka, na kilio kikanipita nguvu, kikawa kilio kamili, cha kugaagaa. Wale wanawake wakasikia kwamba si mchezo. Mmoja akafungua kitambaa chake kichwani akakaa chini. Mwingine akakaa. Veronika akautupa wembe akaniangukia begani, naye akalia kwa miezi yake yote aliyopika sufuria mbili. Wanaume waliokuwa wakielekea shimoni wakasimama, wakavua kofia.

Mabula alibadilika rangi. Nyinyi mnajua, kwetu kuliliwa ungali hai ni mkosi usio na mganga. Afadhali ukose dhahabu ya dunia nzima. Akanijia anakimbia na mguu wake mbovu, akapiga magoti kwenye nywele zangu.

"Shangazi, nyamaza! Usinililie, mimi ni mzima!"

"Aliye mzima anakula chumvi."

"Shangazi, watu wanasikia! Acha!"

"Veronika, okota wembe umalizie upande huu."

"Basi!" akapiga kelele, sauti imepasuka. "Basi, leteni hiyo chumvi!"

 Nami mnanijua, muuza chumvi hafi. Machozi yananitoka, kichwa nusu kiko wazi, nikauliza, "Ipi? Ipo ya Uvinza, ipo ya pwani, na ya Nyaraja ipo." Wanawake wakaangua kicheko palepale kwenye matanga. Mabula akavitazama vifurushi vyangu vitatu nilivyovibeba kutoka Mhunze juu ya pamba na vumbi na mbung'o. Akasema, "Ile ya Veronika."

Hebu niambieni, ningefanya nini? Iliniuma kidogo, nikafurahi sana. Veronika akakimbia jikoni akaleta ugali na samaki wa jana kutoka sufuria kubwa, na Mabula akala palepale chini, kwanza tonge dogo, halafu matonge kama mtu anayekimbizwa, machozi yanachuruzika mpaka kwenye ugali. Bwana Hamisi alipofika na kikombe chake akacheka, kisha akasema kweli yake: chumvi ya matete inaleta ladha lakini haitoshi kuurudishia mwili wa mchimbaji, inatakiwa na ile nyeupe. Nikachota Uvinza yangu kwa majivuno, nikaitia kwenye uji. Mabula akanywa wote, akalamba bakuli. Siku ile hakwenda shimoni. Jua lilipokuwa juu niliushika mguu wake na ulikuwa laini, mguu wa mtu.

Nilikaa pale mpaka nikamwona anapanda na kushuka ngazi ile bila kuchechemea, kila siku na kibuyu cha uji wenye chumvi kiunoni. Hirizi aliivua, nadhani aliificha mahali, sikumuuliza. Siku hizo nilishinda na Veronika. Akanifundisha kuchagua matete yaliyokauka yakiwa wima, kuyachoma pasipo upepo, na kutoharakisha maji kwenye majivu. Mimi nikamfundisha kwamba Nyaraja inaingia kwenye maharage mwanzoni na Uvinza mwishoni. Tulibishana kutwa, tukacheka kutwa.

Wakati wa kurudi nilipita tena Kahama, kilemba nimekikaza. Mama Shija akahisi, akaanza kunipa pole; nikakivua, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Mzee Ndalahwa akaninyooshea kiganja taratibu. "Thubutu!" nikamwambia. "Yule mwanangu ameagizwa kuongeza, wewe umeagizwa kupunguza, wote wawili msinitie dhambini." Nikampa ndimu na pilipili nilizonunua Katoro. Akakamulia ndimu mboga yake chapwa, akaonja, akakamulia nyingine. Mama Shija akanikonyeza.

Mhunze nilishuka siku ya gulio, na upepo wenu ukanivua kilemba mbele ya watu wote. Nusu kipara, nusu nywele, kwa kuwa upande ule wa pili niliapa haunyolewi Mabula akiwa hai! Mwenye vyungu akaona, akatupa mikono kichwani, "Mabula amekufa!" Wengine wakaanza kulia, soko zima linaelekea kuvunjika. Nikapanda juu ya gunia nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, "Nyamazeni! Mabula amekula chumvi!" Hamkunielewa siku ile. Sasa mmenielewa.

Tangu hapo mbele yangu kuna mafungu manne, na la nne ni lile la kahawia, la matete ya Veronika, linalokuja limefungwa kwenye majani ya migomba. Na mmeona siku hizi mtu akija sipimi kwanza, namuuliza anayekwenda kula ni nani. Mchimbaji na mlimaji najaza mkono, mzee mwenye miguu iliyovimba namrudisha na kipimo kidogo na maneno mengi. Nimekula chumvi nyingi hapa duniani na nilikuwa sijajua kwamba kila mwili una kipimo chake.

Mwaka uliofuata Mabula alikuja nyumbani. Dhahabu hakuiona kwa macho yake. Aliswaga ndama mmoja tu kwa mshahara wake, akamwingiza kwenye boma la baba yake, na nyuma yake Veronika amembeba mtoto wa kike mgongoni. Wakaniita, kwa sababu mtoto ameanza kula ugali. Nikakaa kwenye kigoda, chumvi zangu nne mbele yangu, ukoo wote unanitazama. Mkono wangu ukaipita ya Uvinza, ukaipita ya pwani, ukaipita hata ya Nyaraja ya babu zetu. Nikachovya kidole kwenye ile ya mama yake, nikamgusa ulimi. Mtoto akakunja uso, akalamba midomo, kisha akafungua kinywa tena.